Kaskazi Ikianza, Mstaafu Apande Mlima

Wastaafu wa Tanga husafiri wakati mbaya kuliko watu wote. Huondoka baada ya tarehe 15 Desemba kwa sababu wajukuu wamefunga shule. Hugombania tiketi na nusu ya nchi inayokwenda kula Krismasi Moshi na Rombo, wakafika Dar es Salaam, mji wenye joto lile lile waliloliacha nyumbani, na kulala chumba kimoja na wajukuu wanne na feni moja. Hurudi Januari, mwezi ambao Tanga ndiyo kwanza inaanza kuchemka, halafu wanakaa. Februari inawakuta kibarazani Makorora au Chumbageni, kanga mabegani imelowa jasho, na Machi inawakuta pale pale. Ifikapo Julai, pwani imepoa na usiku mtu anatafuta shuka ya pili, ndipo wanapopanda Lushoto kwenye harusi ya ndugu, na kushuka na kikohozi cha wiki tatu.

Nasema hivi nikijua kwamba mstaafu ndiye mtu pekee katika ukoo ambaye tarehe ni zake. Mwalimu anafuata muhula, karani anafuata likizo aliyopangiwa na mkuu wake, mwenye duka hawezi kuliacha duka mwisho wa mwezi. Aliyefika miaka 60 na kupewa mkono wa kwaheri ofisini hana wa kumwomba ruhusa. Kikokotoo cha mafao kimempunguzia alichotarajia, sawa, lakini tarehe hazikukatwa hata moja. Ajabu ni kwamba anazigawa bure: Desemba kwa watoto, Aprili kwa msiba, Julai kwa harusi, na miezi ya joto anajiachia mwenyewe.

Ajabu zaidi ni kwamba haya yanatokea katika mwambao ulioishi kwa tarehe za kuondoka. Majahazi ya Uarabuni, ya Ghuba na ya Kachi yalishuka huku na upepo wa kaskazi kati ya Desemba na Machi, yakarudi na ule wa kusi kuanzia Aprili. Nahodha aliyechelewa kumaliza biashara zake Pangani au Unguja hakupata adhabu ya siku mbili tatu. Katikati ya mwaka kusi hukaza, bahari ya huko kaskazini haiendeki, na yeye hubaki huku akilisha mabaharia mpaka Agosti au Septemba upepo ulegee. Mwaustralia Alan Villiers, aliyepanda jahazi la Kuwait mwaka 1938 kutoka Aden akafika nalo Zanzibar na delta ya Rufiji, akarudi nalo Ghuba mwaka 1939, aliandika kitabu kizima juu ya safari ile. Humo, pamoja na siku za taabu za kupakia boriti Rufiji, mtu anaona jinsi biashara yote ilivyotegemea kujua wakati wa kuwepo na wakati wa kutokuwepo.

Wazee wa pwani walikuwa na hesabu yao ya kufuatia mambo hayo. Kalenda ya Kiislamu iliwapa ibada, lakini mwezi mwandamo hauwezi kumwambia mkulima lini apande wala nahodha lini atweke, maana huzunguka misimu yote. Kwa hiyo waliuhesabu mwaka wa jua kwa miongo, siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, ule mwaka mpya ambao watu wa Makunduchi, Unguja, bado wanauoga kila Julai. Mzee aliyejua mwongo wa ngapi alijua pia kama ni wakati wa kukokota ngalawa nchi kavu au wa kuishusha majini.

Wavuvi nao hawakuacha. Wakati wa kaskazi, bahari ikitulia, vijana wa Kojani na sehemu nyingine za Pemba hutoka kwao wakaenda dago. Hupiga kambi kwenye fukwe na visiwa vya mbali, bara na hata upande wa Kenya, wakavua wiki kadhaa au miezi, wakalala kwenye vibanda vya makuti, kisha wakarudi. Huenda palepale kila mwaka, kwa wenyeji walewale. Wanajua kisima kiko wapi na nani atawanunulia samaki. Wengine wana hata wake huko dagoni, jambo ambalo simshauri mstaafu. Lakini la tarehe namshauri. Mvuvi wa dago haulizi kama ana uwezo wa kuhama. Anauliza kama bahari imefunguka.

Na kwenye milima ya Usambara hali ilikuwa hivyo hivyo, kwa njia yao. Washambaa walijenga juu, penye baridi na mvua za uhakika, lakini wengi walikuwa na mashamba chini nyikani, wakishuka kulima na kupanda tena wakiogopa homa ya bondeni. Wajerumani walipokuja walilielewa jambo hili upesi. Reli waliyoanza kuijenga Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka hapo barabara ikapanda hadi Lushoto, mji waliouita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Mkonge ulikuwa chini na fedha zilikuwa chini, ila mwenye cheo alijua njia ya kwenda juu joto likizidi. Wao waliondoka, na serikali zilizofuata zikabaki na Ikulu ndogo kule kule Lushoto. Raia wa kawaida wa Tanga akabaki na hadithi kwamba Lushoto ni mahali pa kupeleka wageni.

Hebu tuseme hesabu yenyewe, maana bila hesabu haya ni maneno ya barazani. Kutoka Januari hadi Machi, mchana wa Tanga hufika nyuzi 32 au 33, na usiku hautoi nafuu. Joto hukaa juu ya 23 na unyevu wa bahari huziba kila kitundu cha ngozi. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila mita mia unazopanda hukupunguzia zaidi ya nusu nyuzi, kwa hiyo tofauti ya mji wa chini na wa juu ni kama nyuzi nane. Kwa kijana, nyuzi nane ni suala la starehe. Kwa mtu wa miaka 70 ni suala la figo na moyo. Mwili mzee hausikii kiu kama zamani, na baadhi ya dawa za presha kazi yake ni kutoa maji mwilini. Mzee anakaa kivulini, hajioni kama anaumwa, hanywi maji kwa sababu hataki kwenda chooni mara kwa mara, na saa kumi jioni anasimama kufunga dirisha anaona kizunguzungu. Watu husema ni uzee. Mara nyingine ni Februari tu.

Julai mambo hugeuka. Tanga huwa na mchana wa nyuzi 28 na usiku wa 20, kusi inavuma, mbu wamepungua, na mtu anaweza kutembea kutoka Ngamiani hadi Raskazone bila kusimama chini ya kila mwembe. Lushoto wakati huo ni ukungu mpaka saa tano, na usiku hushuka hadi nyuzi kumi au chini yake. Viungo vya wazee vinakaza. Na kuna hatari ambayo watu wa mlimani wanaizoea mno: jiko la mkaa linaingizwa chumbani, mlango unafungwa ili joto lisitoke, na hewa ya sumu isiyo na harufu inafanya kazi yake watu wamelala. Mzee wa Lushoto ana sababu ya kushuka Julai kama ile ya mzee wa Tanga ya kupanda Januari. Wakipishana vizuri, kila mmoja anapata miezi mizuri ya mwenzake.

Lakini kupanda na kushuka si kwa kuamka tu asubuhi. Tarehe zina ncha, na hapa ndipo penye kazi.

Tuanze na kupanda. Vuli hunyesha kuanzia Oktoba, na mlimani inaweza kuendelea hadi ndani ya Desemba. Ile barabara ya Mombo hadi Lushoto haifiki kilomita 35, lakini inapanda kilomita moja nzima kwenda juu ikipita Soni, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande mwingine korongo. Mvua ikikolea, udongo na mawe huteremka barabarani. Kwa hiyo usipande vuli ikiwa katikati. Kwa upande mwingine, ukingoja hadi tarehe 18 Desemba umeingia kwenye msafara wa Krismasi. Barabara ya Chalinze, Segera na Mombo ndiyo hiyo hiyo ya Kilimanjaro, kila kiti kina mwenyewe, na madereva wana haraka ya kurudi kuchukua mzigo mwingine. Mlango ulio wazi ni siku kumi za kwanza za Desemba. Mwaka ambao vuli inarefuka, kama ilivyokuwa mwaka 2023 El Niño ilipoleta mvua zisizokatika, funga mzigo lakini ngoja mpaka wiki ya pili ya Januari, wenye likizo wakisharudi makazini. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa vuli kabla msimu haujaanza na ule wa masika mapema mwaka. Wakulima wanausikiliza. Wastaafu wanasikiliza taarifa ya habari nzima, na ikifika hali ya hewa wanakwenda kutawadha.

Kushuka ndiko kugumu, na hapa watu wenye busara hubishana. Mwezi wa joto kali kabisa pwani unaishia pale pale masika yanapoanzia. Ukishuka mwanzoni mwa Machi umejitumbukiza kwenye tanuri. Ukingoja Aprili, umeyakaribisha masika yakukute juu, na masika ya Usambara si ya mchezo: njia inakatika, umeme unakatika, hospitali ya rufaa iko upande wa pili wa matope. Wapo wanaosema heri joto la wiki tatu kuliko kufungiwa mlimani na presha. Wengine wanasema masika hata Tanga mjini ni mafuriko, kwa hiyo afadhali kungoja juu hadi Juni. Mimi nasimama kwenye wiki ya tatu ya Machi. Kipindi hicho cha tangambili, kaskazi inapokata na kusi haijashika, mawingu huanza kujikusanya, na mvua ya kwanza ikishanyesha Tanga joto huvunjika mgongo hata kama siku bado ni za jua. Unavumilia siku chache, lakini umevuka barabara ikiwa kavu. Anayetafuta tarehe isiyo na gharama kabisa hataipata, na akiitafuta sana atajikuta Mei yuko Lushoto, soksi mbili kila mguu, akiuliza kama gari limepita.

Kwa mzee wa mlimani anayeshuka hesabu ni nyingine. Asishuke Mei wala mwanzoni mwa Juni. Malaria ya pwani na ya bonde la Korogwe na Muheza huongezeka baada ya mvua, maji yakiwa bado yametuama, na mtu aliyeishi juu miaka yote hana ule ukinzani wa mwilini alionao mwenzake wa chini aliyeumwa tangu utoto. Homa ambayo mwenyeji wa Muheza anaibeba akiwa shambani inaweza kumlaza mgeni wa Mlalo. Aje katikati ya Julai, na chandarua alalie tangu usiku wa kwanza, hata kama mwenyeji wake anamcheka. Akae hadi Septemba. Atakuta machungwa ya Muheza kila pembe ya barabara. Samaki, kwa bahati mbaya, watakuwa ghali, maana kusi huchafua bahari na ngalawa nyingi hazivuki mwamba. Pweza anaweza kupatikana kwenye bamvua, maji yakitoka mbali.

Kuna watu wanaopita mbele ya macho yetu kila mwaka wakifanya hesabu hizi, nasi tunawatazama kama sinema. Ni wale wazee wa Kizungu, wengi wao wastaafu, wenye magari yaliyogeuzwa nyumba: kitanda juu ya paa au ndani, jiko nyuma, tangi la maji pembeni. Wanavuka kutoka Kenya kwa Lunga Lunga na Horohoro, wanapiga kambi kwenye fukwe za Kigombe na Ushongo, wanakaa wiki moja au tatu, kisha wanaelekea kusini. Tunadhani wamekuja kuota jua. Uulize lini utawaona: mara nyingi Juni, Julai, Agosti, miezi ambayo jua letu ni la wastani. Wanachokikimbia ni tope. Udongo mweusi wa upande wa Saadani ukilowa hushika gurudumu kama saruji, na gari la tani tatu halichomolewi na vijana wanne. Kwa hiyo wanangoja masika yaishe ndipo waingie, na wakishaingia wana tarehe nyingine mbele yao. Wanataka wawe wamepita Zambia na kingo za Zambezi kabla joto la Oktoba halijawakausha na mvua za Novemba hazijawafungia njia. Viza ya utalii kwetu haivuki siku 90, kwa hiyo hata anayeipenda Pangani kuliko mji aliozaliwa anaondoka kwa tarehe. Mtu wa umri wao, mwenye goti lile lile linalouma, anaendesha kutoka ikweta hadi Rasi ya Tumaini Jema bila kukutana na masika hata mara moja, kwa sababu alikaa mezani na kalenda kabla hajakaa kwenye usukani.

Kwao kwenyewe jambo hili limekuwa taasisi. Wastaafu wa Kanada huteremka kila mwaka kwenda Florida na Arizona, maelfu kwa maelfu, wengi na magari-nyumba, wakiondoka Oktoba au Novemba kabla barabara hazijaganda na kurudi Aprili. Huko ni theluji na huku ni joto, lakini kilichonivutia si hali ya hewa. Ni jinsi sheria ilivyojifunza kuwafuata. Jimbo la Ontario linamruhusu mkazi kukaa nje hadi siku 212 katika miezi 12 bila kupoteza bima yake ya afya ya umma. Marekani nayo kwa kawaida huwakubali kwa muda wa miezi sita hivi. Basi wazee wale wanazihesabu siku, wanaweka daftari, wanabishana juu ya tarehe ya kuvuka mpaka. Mtu anaweza kuwacheka, lakini serikali yao imekubali kwamba mzee anaweza kuwa na makazi mawili kwa mwaka mmoja na bado akawa mtu mmoja.

Sisi bado. Mfumo wetu unadhani mstaafu ni mti. Anatakiwa kliniki ya presha na sukari kila mwezi, kituo kile kile, daftari lile lile, na mara nyingi anapewa dawa za mwezi mmoja tu. Kadi yake ya bima inapokelewa hospitali ya rufaa ya Bombo mjini Tanga na inapokelewa hospitali ya wilaya Lushoto. Kisheria hakuna tatizo. Tatizo ni daftari. Akifika juu anaanza upya: vipimo upya, maswali upya, dawa ambayo huko haipo na mbadala wake ambao hajawahi kuutumia. Mzee anaona bora abaki chini na joto lake na muuguzi anayemjua. Kumpa mgonjwa aliyetulia dawa za miezi mitatu, na barua moja ya maelezo, hakuhitaji bajeti mpya wala semina. Mifuko ya hifadhi angalau imeanza kuelewa. PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, imepeleka huduma zake nyingi kwenye simu, na pensheni haijali uko Mombo au Mwambani. Hospitali zikifuata njia hiyo, nusu ya safari imekwisha.

Nusu nyingine iko nyumbani, na ni ngumu zaidi. Mtoto anapiga simu: "Shikamoo baba, njoo Desemba, watoto wamekumiss." Nani atamjibu mwanawe kwamba Desemba yuko mlimani? Anaonekana ana dharau, au ana mke mdogo. Lakini hilo linatatuliwa kwa kugeuza safari: wajukuu ndio wapande. Likizo yao ya Desemba iangukie Lushoto, kwenye mapichi na plamu zilizoiva, badala ya babu kwenda kuhema Mbagala. Na likizo ya Juni waje Tanga, bahari ikiwa na upepo. Mzazi mwenye wivu na mapumziko yake atalipenda wazo hili haraka kuliko anavyodhani babu.

La Ramadhani linataka maneno yake. Miaka hii mwezi mtukufu unarudi nyuma kuingia katika joto. Mwaka 2030 utaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Maana yake, miaka kadhaa mfululizo mstaafu Mwislamu wa Tanga atafunga ndani ya miezi ambayo hata asiyefunga anatafuta maji kila nusu saa. Mwenye afya atafunga popote. Mwenye sukari au figo atasikia la daktari wake, na dini yenyewe imempa ruhusa. Lakini kuna wengi wa katikati, ambao wanaweza kufunga Lushoto kwenye ubaridi na hawawezi kufunga Makorora. Misikiti ya Lushoto imejaa, tarawehe inasaliwa, tambi na viazi vitamu havikosekani. Kinachokosekana ni msikiti wako, safu yako, yule jirani anayekuletea uji wa pilipili manga kabla ya magharibi. Silidharau hilo. Kuna watu ambao futari bila jamaa zao ni chakula tu. Kwao ningesema wagawe: kumi la mwanzo juu, kumi la mwisho nyumbani, ingawa najua hapo ile tarehe ya kushuka itakuwa imevunjika, na mwandamo wa mwezi hautamwonea huruma mtu kwa ajili ya barabara ya Soni.

Mtu atasema haya ni maneno ya wenye nacho. Nani ana nyumba mbili? Mstaafu wa kiwanda cha mbolea kilichokufa, au wa shamba la mkonge, ana chumba na sebule na mpangaji uani. Swali ni la haki, lakini linadhani kwamba kuhama kwa msimu ni kununua. Mvuvi wa dago hakununua ufuo wa Mkinga. Ana mwenyeji. Na Tanga na Lushoto zimeoana kwa vizazi. Ni nyumba gani ya Tanga mjini isiyo na Mshambaa ndani yake, mkwe au shangazi au fundi aliyegeuka ndugu? Uzuri wa misimu yetu ni kwamba haigongani. Mwenyeji wa juu hahitaji kutoka kwake Januari ili mgeni aingie, wala wa chini hahitaji kutoka Julai. Ni kupokeana tu, msimu mmoja huku, msimu mmoja kule. Mgeni wa pwani anapanda na ng'onda na nazi. Mgeni wa mlimani anashuka na viazi, maharage na gunia la karoti. Asiye na ndugu anaweza kupata chumba cha kupanga kwa mwezi, au kwenye nyumba za wageni za makanisa, ambazo Lushoto zipo tangu zamani na hazimuulizi mtu dini yake.

Ningependa vyama vya wastaafu vilichukue hili mikononi. Vina vikao, vina mihuri, vina orodha za wanachama wa Tanga mjini, Korogwe, Lushoto na Bumbuli, na agenda zao nikizisoma naona kikokotoo, mazishi na mengineyo. Humo kwenye mengineyo paandikwe orodha ya vyumba: nani wa mlimani ana chumba Januari, nani wa pwani ana chumba Agosti, choo kiko ndani au nje, kuna ngazi au hakuna, zahanati ni mwendo gani. Choo na ngazi viandikwe kwanza, kabla ya mandhari. Mzee hapandi Irente kutazama nyika kila siku, lakini chooni anakwenda usiku, mara tatu, kwenye baridi.

Wakati mzuri wa kuiandaa orodha hiyo ni Septemba, utabiri wa vuli ukishatoka na kabla watu hawajaanza kuahidiana Desemba. Na mwenye chumba cha wageni Lushoto akipake chokaa mwezi huo huo, madirisha wazi. Vuli ikishaanza kule, chokaa haikauki.